Akishinda Huyo, Tunarudi Nyumbani

Jana Mama alinituma garaji nikamtolee sanduku kubwa jeusi, lile lenye gurudumu moja bovu. Nilipofungua zipu nione kama lina kitu ndani, harufu ikanipiga usoni: raba mpya, vidonge vya vitamini, mafuta ya kujipaka, na kwa mbali nafthalini ya kufukuza nondo. Sanduku lilikuwa tupu. Ni harufu tu iliyobaki. Nikakaa chini kwenye sakafu ya simiti, joto la garaji likinibana, na kupitia mlango wa jikoni nikamsikia Baba akimwambia Anko Wafula kwenye simu, "Shemeji, huyo mtu wako safari hii hata hotuba anasoma kama mtoto wa nasari."

Ni msimu wa uchaguzi tena. Mabango yamechipuka kwenye nyasi za mtaa wetu hapa Pearland, kando ya Houston, mekundu na ya buluu, rangi za vyama viwili, na simu ya Baba imerudia kazi yake ya zamani ya kusimama wima ikiegemea chupa ya mafuta ya kupikia, spika ikiwa wazi, Anko akinguruma ndani yake kutoka kwake Mesquite, saa kadhaa kaskazini mwetu. Mimi sasa nina miaka kumi na saba na bado si mtu wa maneno mengi. Darasani nikiitwa jina tu, shingo inashika moto. Lakini kuandika naweza. Na hilo sanduku limenirudisha msimu ule mwingine, nikiwa darasa la tatu, nilipoamini kwa moyo wangu wote kwamba kura za Marekani zingeninyang'anya mtu pekee niliyeweza kuongea naye.

Mtu huyo ni Nekesa, binamu yangu, mtoto wa Anko. Anko Wafula ni kaka yake Mama, na ana lori lake mwenyewe. Shuleni nilikuwa na siku ambazo sikusema neno tangu basi linichukue mpaka linirudishe. Mwalimu aliandika kwamba mimi ni mtoto mtulivu, na Mama akafurahi, kwa sababu kwao Webuye, Kenya, hiyo ilikuwa sifa. Hakujua kwamba maneno yote nilikuwa namwekea akiba Nekesa. Kila baada ya wiki chache ama sisi tungepanda barabara kuu hadi Mesquite, ama wao wangeshuka hadi kwetu, na mlango wa gari haujafungwa sawasawa sisi tungekuwa tayari tumeanza kuongea. Tulikuwa na jozi moja ya viatu vya magurudumu, vya zambarau, ambavyo Anko alitununulia kwa pamoja kwa sababu miguu yetu ilikuwa sawa. Mwezi huu vinakaa Mesquite, mwezi ujao vinakaa Pearland. Hakuna aliyevivaa mwenzake asipokuwapo. Sijui nani aliweka hiyo sheria, lakini hatukuivunja.

Sasa, Baba na Anko. Wote wawili walikuwa wameapa uraia, wote wawili walipiga kura, na hapo ndipo kufanana kwao kulipoishia. Baba anafanya kazi ya mashine za kupumulia katika hospitali moja mjini, na alikuwa wa buluu. Anko alikuwa mwekundu kabisa, mpaka lori. Siku ya mdahalo walitazama pamoja, kila mtu kwake, simu ikiwa katikati. Televisheni ya Anko ilikuwa mbele ya yetu kwa muda kidogo, kwa hiyo alicheka kabla mzaha haujatufikia, na akasema "hapo amekwisha" kabla mtu hajaulizwa swali. Mimi nilidhani Anko anajua mambo yajayo. Nilimwogopa kidogo kwa sababu hiyo.

"Shemeji," Baba alimwambia jioni hiyo, "mtu wako anaongea kama dalali wa ng'ombe."

"Afadhali dalali," simu ikajibu. "Dalali anakutajia bei. Wako anazunguka wee, mpaka hujui kama ng'ombe anauzwa ama anazikwa."

"Anaeleza sera."

"Sera gani? Mimi najaza dizeli kila siku. Sera naiona pale kwenye pampu."

"Na mimi naiona wodini. Watu wanakata kidonge katikati ili kiende siku mbili. Njoo uwaambie habari ya dizeli."

"Usinitupie wagonjwa. Wewe ulikuwa mtu wa kanisa. Unampigia kura vipi mtu kama huyo?"

"Mimi ni Mkristo wa kusoma kitabu chote. Wewe umekwama ukurasa mmoja, na huo pia ulisomewa."

Mama, aliyekuwa akijiandaa kwenda shifti yake ya unesi, alipita katikati yao akitafuta kiatu. "Nyinyi wawili," akasema, "kati ya hao wagombea wenu hakuna hata mmoja anayewajua nyinyi."

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye zulia nikipaka rangi mchoro. Nakumbuka ladha ya ukingo wa penseli. Nakumbuka Baba akiinuka kitini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, na kuiambia simu, polepole, kila neno peke yake: "Nisikilize. Akishinda huyo wako, mimi nafunga mizigo. Tunarudi nyumbani."

"Na akishinda wako," Anko akasema, "mimi nauza lori, nachukua watoto wangu, narudi Webuye kupanda mahindi. Bora mahindi."

Penseli ikasimama mkononi mwangu.

Mtu mzima angecheka. Baadaye nimekuja kujua kwamba nusu ya Wakenya wa mji huu husema hivyo kila uchaguzi, na hakuna anayefika hata uwanja wa ndege. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Baba, na Baba hakuwa mtu wa kutania. Alisema gari la zamani litauzwa, likauzwa. Alisema jino langu linang'olewa Jumamosi, na Jumamosi likang'olewa. Nikaliweka hilo la kurudi nyumbani kwenye fungu hilohilo. Kisha nikaligeuza na upande wa pili: akishinda huyu, tunaondoka sisi; akishinda yule, wanaondoka akina Nekesa. Hapakuwa na ushindi ambao ungetuacha wote wawili Texas.

Labda ningesahau baada ya siku mbili tatu, kama si Kukhu.

Kukhu ni mama yake Baba. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Webuye, na alikuwa arudi Desemba kabla ya Krismasi. Aliongea nasi Kiswahili kwa sababu Kibukusu chetu kilikuwa cha salamu tu, na mchana alikaa dirishani akiutazama mtaa usio na watu, akiuliza wamekwenda wapi. Siku mabango yalipoanza kutokea kwenye nyasi aliniita.

"Hayo yameandikwa nini?"

Nikamsomea. Akanyoosha kidole kwa mzee jirani yetu wa upande wa pili wa barabara, yule aliyetuletea mfuko wa karanga za mti wake wa pekani, ambaye bango lake lilikuwa jekundu na kubwa kuliko mlango.

"Ameweka jina la mtu wake nje ya nyumba? Watu wote waone?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Haogopi?"

Sikujua aogope nini, kwa hiyo nikaanza kuogopa mimi.

Kuanzia wiki hiyo Kukhu akafanya alichojua kufanya mwaka wa kura. Tulipokwenda kanisani Alief, mtaa wa Houston wenye Waafrika wengi, alimshikilia Mama baada ya ibada waingie duka la Waafrika, na akatoka na unga wa ugali, unga mwingine, maharagwe, chumvi, sukari, na mishumaa. Akavipanga chini ya kitanda changu, maana tulilala chumba kimoja. Asubuhi moja nikakuta amelijaza bafu maji mpaka juu na kuyafunika kwa leso. Mama aliona yote hayo na hakushtuka. Alidhani Kukhu amesikia habari za kimbunga, na kwa kimbunga Houston nzima hufanya hivyohivyo, hata akamsifu. "Mama yako amejifunza haraka," alimwambia Baba. Wale wawili waliishi nyumba moja wakijiandaa kwa mambo mawili tofauti, kila mmoja akimwona mwenzake ana akili.

Mimi peke yangu niliambiwa ukweli. Kukhu alikuwa akinisuka, magoti yake yamenibana mabega, kidole chake kina mafuta ya nazi. "Kuna mwaka tulikaa ndani wiki nzima," akasema, "tukila mahindi makavu. Maduka yamefungwa. Watu tuliochota nao maji hawatusalimu. Kwa hiyo wewe ukiulizwa baba yako ni wa nani, useme wewe ni mtoto."

"Na baadaye, Kukhu? Baadaye walisalimiana?"

Alisuka mstari mzima kabla hajajibu. "Wengine."

Ndipo nikaacha kuvaa sweta langu jekundu, na la buluu pia. Nilivaa kijani mpaka Mama akauliza kama nguo nyingine zimenibana. Na nilipomwona yule mzee wa pekani akinipungia mkono, nilitazama viatu vyangu.

Mwezi wa viatu vya magurudumu kukaa Mesquite ulipofika tulikwenda kwao, na mimi nikamvuta Nekesa hadi nyuma ya nyumba, chini ya trampolini, mahali petu. Nyasi kule chini zilikuwa za manjano na zilinuka mpira. Tuliongea Kiingereza, kama kawaida yetu, lakini nikikumbuka sasa maneno yanakuja kwa Kiswahili, sijui kwa nini.

"Baba yako alisema nini hasa?" Nekesa aliuliza. Alikuwa mtu wa kutaka uhakika.

"Huyo akishinda, tunarudi nyumbani."

"Wangu alisema mwingine akishinda, ni sisi."

"Labda washindwe wote."

"Nilimuuliza mwalimu," akasema. "Haiwezekani. Lazima mmoja ashinde."

Juu ya vichwa vyetu mdogo wake aliruka, na kila aliporuka turubai lilishuka karibu na pua zetu. Kisha Nekesa akavuta vile viatu vya zambarau na kuviweka katikati yetu.

"Nikienda mimi, baki navyo. Nimeona picha. Barabara ya kwa Kukhu wako ni udongo, na ya kwetu pia."

"Nikienda mimi, baki navyo wewe."

"Sitavaa," akasema.

"Mimi pia sitavaa."

Hilo ndilo lililokuwa jambo zito kuliko yote tuliyowahi kuambiana, na tulilisema tukitazama magurudumu.

Kanisa letu la Alief lina ibada ya Kiswahili kila Jumapili, na ndani yake kuna Wakenya, Watanzania wachache, na Wakongo wengi. Mwalimu wetu wa watoto alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Jumapili iliyofuata alituambia kila mtoto aseme ombi lake. Wengine waliomba baiskeli, mmoja aliomba mbwa wake apone. Zamu yangu ilipofika nilinong'ona, naye akainama hadi sikio lake likawa mdomoni pangu.

"Naomba uchaguzi usiishe."

"Usiishe? Juu ya nini, mama?"

"Kwa sababu ukiisha tunarudi Kenya."

Akaniangalia. "Munarudi kabisa?"

"Kabisa."

Alinikumbatia, kitambaa chake kikinuka pasi na sabuni, akaomba kwa sauti kubwa kwamba Mungu ashike njia za watoto wote. Mimi nikahisi nafuu. Nilikuwa nimempa Mungu kazi hiyo na sasa ilikuwa juu yake.

Hapa lazima nieleze kitu, ingawa wenzangu mliokulia nyumba kama yetu mnakijua. Mtu wetu akisafiri kwenda nyumbani, hasemi. Anaficha safari kama mimba changa. Maana ikijulikana tu, kila mtu ana mama, ana mdogo wake, ana mjomba mwenye mguu mbaya, na kila mmoja wao anahitaji kitu kidogo tu, kiatu kimoja, chupa moja ya vitamini, ambacho hakina uzito kabisa. Na kwa sababu wasafiri huficha, watu nao wamejifunza wasipige simu kwanza. Wanakuja moja kwa moja.

Walianza kuja Jumamosi iliyofuata. Akina Anko walikuwa wameshuka kutoka Mesquite, mbuzi aliyenunuliwa Alief alikuwa kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba, na Baba na Anko, kila mmoja na koleo lake, walikuwa wakigeuza nyama ileile na kubishana habari ya mpaka.

"Mimi nilipanga foleni," Anko alisema. "Nililipa, nikangoja, nikaapa. Mwingine apitie dirishani kwa nini?"

"Ulipanga foleni ukiwa umelala kwenye sofa yangu."

"Nililala nikipanga foleni."

Kengele ikalia. Alikuwa mama mmoja wa kanisani, na mfuko.

"Baba Naliaka, habari. Nimeleta viatu vya mzee. Ni jozi moja tu, nimetoa hata boksi."

Baba alitazama mfuko. "Viatu vya nini?"

"Vya kupeleka."

"Lakini sisi hatusafiri, mama."

Akatabasamu kwa upole, kama mtu aliyetarajia neno hilohilo. "Sawa, hamsafiri. Viatu viwe tu hapo kwenye kona, visisafiri pamoja nanyi."

Akaenda. Kabla Baba hajarudi kwenye nyama akaja kijana mmoja mwanafunzi na kompyuta ya dada yake. Baba akamwambia hatuendi popote. "Ndiyo, najua," kijana akasema, "hata mimi mwaka jana sikuenda," na akaiweka juu ya viatu. Likaja begi la nguo za mtoto. Ukaja mkebe wa maziwa ya unga. Kadiri Baba alivyokataa, ndivyo walivyoamini. Kona ya mlangoni ilianza kunuka raba mpya na vitamini, ile harufu iliyonirukia jana.

Anko alikuja kusimama sebuleni akiwa na koleo. "Shemeji," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha usoni. "Kumbe unahama kweli. Na hukuniambia."

"Nahama kwenda wapi?"

"Mimi naongea tu, unajua naongea. Lakini wewe ukisema kitu unafanya." Alitazama lile rundo. "Kama ni mimi niliyekuudhi, ungeniambia."

Wakati huohuo Mama Furaha akaingia, bado amevaa sare ya kazi, akiwa ameshika kifurushi kilichofungwa gundi ya karatasi pande zote. Alikinyoosha kwa Baba kwa mikono miwili.

"Ya dada yangu," akasema. "Iko Nairobi anangoja makaratasi ya kuja huku. Miaka mingi sikupata mutu wa kumubebea kitu. Naliaka aliponiambia munarudi, niliambia na wengine kanisani, nikasema, Mungu amenikumbuka."

Wote wakanigeukia. Nekesa alikuwa kando yangu; alinishika mkono na akaubana. Shingo ilishika moto, masikio yakashika moto. Sijui niliyatoa wapi maneno, mbele ya watu wazima wote hao, lakini yalitoka.

"Si ulisema, Baba? Huyo akishinda tunarudi. Na Anko akasema yule mwingine akishinda ni wao. Kwa hiyo mimi na Nekesa," nikaanza, na sentensi ikaishia hapo kwa sababu nilikuwa nalia.

Nje nyama ilikuwa ikiungua, tuliinusa sote. Baba na Anko walisimama wakitazamana, kila mtu na koleo lake, kama watoto waliokamatwa mikono ikiwa ndani ya mtungi wa sukari.

Mama ndiye aliyekaa chini kwanza. Alikaa kwenye mkono wa sofa na kufuta macho, na nikaona kwamba anacheka na pia yuko karibu kulia. "Mmesikia?" akawaambia. "Mimi niliwaambia hao wagombea hawawajui nyinyi. Kumbe kuna wawili waliokuwa wanawasikiliza."

"Watatu," Kukhu akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mimi nimejaza maji."

"Maji si ya kimbunga?" Mama akauliza.

"Kimbunga gani?"

Baba alipiga magoti mbele yetu, mimi na Nekesa. Alinuka moshi. Alituambia kwamba hakuna mtu anayeenda popote, ashinde nani, ashindwe nani, na Anko akapiga magoti pia, kwa taabu kwa sababu ya tumbo, akasema hata yeye.

"Hata lori?" Nekesa akauliza.

"Lori pia linabaki."

"Ni maneno ya wanaume tu," Baba akasema. "Ya kuchangamsha."

Kitu kikafunguka kifuani pangu ambacho sikujua kilikuwa kimefungwa. Nakumbuka niligundua kwamba nina njaa.

Lakini Mama Furaha alikuwa bado amesimama mlangoni. Alikuwa ameelewa. "Hakuna shida," akasema. "Mutoto alisema vile alisikia." Akaanza kukirudisha kifurushi kwapani, akilainisha gundi iliyoinuka kwenye kona, polepole, kama mtu anayefunika mtoto shuka. Kukhu alinyoosha mkono.

"Leta hapa, mama. Mimi naenda Desemba."

"Kukhu, masanduku yako yamejaa," Baba akasema. "Yote mawili. Na hivi vingine?" Akaonyesha kona.

"Mzigo wa mtu umeingia ndani ya nyumba yangu mimi nikiwa nimekaa. Niurudishe, niseme nini?"

"Basi mtu amsindikize," Mama akasema. "Mtu mzima ana haki ya masanduku yake mawili. Mmoja wenu si alikuwa anarudi nyumbani?"

Baba akamtazama Anko. Anko akamtazama Baba. Niliweza kuona, hata kwa umri ule, kila mmoja akifikiria jinsi itakavyoonekana.

"Nikienda mimi na wako ameshinda," Anko akasema, "utawaambia watu nimekimbia."

"Na nikienda mimi na wako ameshinda, hutalala kwa furaha."

"Nitapiga simu hadi kwa chifu."

"Basi nendeni wote," Mama akasema, "na mtoe hiyo nyama."

Siku ya kura ilikuja na kupita. Asubuhi yake basi la shule lilifika saa yake. Upande wa pili wa barabara yule mzee wa pekani alikuwa aking'oa bango lake, na aliponipungia mkono nami nikampungia, kisha nikamtazama Kukhu dirishani nione kama nimekosea. Alikuwa naye anapunga. Jioni tulichota maji ya bafu kwa ndoo, tukamwagilia sukuma wiki za Mama nyuma ya nyumba, na unga wa chini ya kitanda ukatulisha hadi mwaka mpya. Nani alishinda, mnajua, au mnaweza kukisia. Nyumbani kwetu na kwa Anko kulikuwa na huzuni upande mmoja na kelele upande wa pili, na simu iliendelea kusimama kwenye chupa ya mafuta.

Desemba wakaenda wote wawili na Kukhu, kwa wiki tatu. Nakumbuka Anko amekalia sanduku jeusi ili zipu ifunge, Baba akiivuta, wakibishana habari ya ushuru, na Kukhu amekaa kando na kifurushi cha Mama Furaha mapajani, maana alikataa kiwekwe na vingine. Mimi na Nekesa tuliachiwa barabara nzima ya mtaa wetu na viatu vya zambarau. Wiki hizo tatu akina Nekesa walihamia kwetu.

Siku moja ilikuja picha. Mama Furaha aliizungusha simu yake kanisani, safu kwa safu. Dada yake amesimama nje ya nyumba ya mabati Nairobi, amevaa raba nyeupe, mguu mmoja mbele ili zionekane vizuri. Kulia kwake Baba, kushoto Anko, na wanaume hao wawili hawaangalii kamera. Wanaangaliana juu ya kichwa chake, midomo wazi, katikati ya sentensi.

Jana nilipolivuta sanduku hadi sebuleni bado walikuwa wakiendelea. Mwaka kesho nitakuwa na umri wa kupiga kura, na nina mawazo yangu kuhusu hao wagombea, ambayo sijamwambia mtu. Nekesa tu ndiye anajua. Baba alikuwa amefika ile hali ya kuinuka kitini.

"Nisikilize, shemeji," aliiambia simu. "Safari hii akishinda huyo wako—"

"Baba Naliaka," Mama akaita kutoka jikoni, bila hata kugeuka. "Sema polepole. Watu wataleta mizigo."

Baba akakaa. Kwenye simu Anko, kule Mesquite, akaanza kucheka kabla yetu.